Uzoefu wangu: TF-IDF, fastText na AfroXLMR kwenye maoni ya wateja wa Kariakoo

Nimezipima zote tatu katika kazi ya kutambua hisia, yaani maoni ni sifa au lawama, kwa maoni ya wanunuzi wa simu: mafupi, Kiswahili kimechanganywa na Kiingereza, emoji kibao. Hukumu yangu mapema: anza na TF-IDF (hesabu inayokipa uzito kipande kinachojirudia kwenye oni moja lakini ni adimu kwenye mengine) ya vipande vya herufi, si ya maneno.

Kiswahili hubandika ukanushi ndani ya kitenzi. "Siipendi", "sikuipenda", "sijaipenda": ukihesabu maneno, hayo ni matatu yasiyojuana kabisa. Kwenye TfidfVectorizer ya scikit-learn, maktaba ya Python, weka analyzer='char_wb', ngram_range=(2, 5), min_df=3 na sublinear_tf=True, kisha kiainishi cha LogisticRegression chenye class_weight='balanced'. Hiyo char_wb huongeza nafasi pande zote mbili za neno, kwa hiyo kipande chenye nafasi kabla ya "si" ya kukanusha hakichanganywi na chenye nafasi baada ya "si" ya mwisho wa "kasi". Usiishie kwenye vipande vya herufi 3, maana nafasi nayo inahesabiwa: "haifai" na "haraka" zitaanza na kipande kilekile, na haraka kwa mteja ni sifa.

Ukiamua kubaki na maneno, jihadhari na mpangilio wa kawaida wa TfidfVectorizer. Unaokota tu herufi na tarakimu zilizofuatana kuanzia mbili, basi. Emoji zote zinatupwa, na "kioo kinang'aa" inakatwa kwenye ritifaa, unabaki na "kinang" na "aa". Orodha za maneno ya kuondoa nazo zipitie kwa macho yako kwanza. Ikiwa na "si", "bila" na "lakini", inakuondolea kile unachokitafuta.

fastText, zana ya kugeuza maneno kuwa vekta (safu za namba), ina vekta za Kiswahili zilizo tayari, namba 300 kwa kila neno. Pakua faili la .bin, lile la .vec haliwezi kutengeneza vekta ya neno ambalo halimo. Kwa hisia sikuridhika nayo. "Nzuri" na "mbaya" hukaa jirani kwa sababu hutumika mahali pamoja kwenye sentensi, na ukichukua wastani wa "kamera kali, chaji mbovu" unapata uji. Tena kila neno lina vekta moja tu: "kimeo" cha kooni na "kimeo" cha Kariakoo, simu iliyokufa siku ya tatu, ni kitu kimoja kwake.

AfroXLMR ya 2022, yaani XLM-R, modeli ya lugha nyingi, iliyoendelezwa kwa lugha za Afrika, husoma neno pamoja na majirani zake, hivyo "noma" ya sifa na "noma" ya balaa ina nafasi ya kuzitofautisha. Tokeni (vipande vya maneno) 128 zinatosha kwa maoni mafupi. Anza na kasi ya kujifunza 2e-5, mizunguko 3 hadi 5. Data ikiwa kidogo matokeo huyumba, kwa hiyo rudia kwa mbegu tofauti (namba za kuanzishia bahati nasibu ya mafunzo) kabla ya kushangilia. Gharama yake ni faili la zaidi ya GB 1 na GPU ya kuifunzia. TF-IDF inakimbia kwenye laptop yoyote.

Kejeli kama "Asanteni sana, wiki ya pili nasubiri mzigo" inazisumbua zote.

Usipime kwa usahihi wa jumla pekee. Angalia F1 ya kila kundi, alama inayounganisha kubashiri sawa na kutokosa yaliyomo. Na gawa data ya kufunzia na ya kupimia kabla ya kuita fit (amri ya kufunza), baada ya kufuta maoni yaliyonakiliwa. Watu wa maduka hubandika sifa ileile mara kumi, ikiangukia pande zote mbili modeli inakuwa imeshaonyeshwa majibu.