Ngao za sponji za fundi makochi, Mtwara: chukua ile ndogo, ubadilishe mkanda

Ngao za kuzuilia za futiboli ya Kimarekani huzikuti dukani Mtwara. Zinashonwa na mafundi makochi. Karakana tunayoizungumzia iko mjini, upande wa Chikongola, na inatoa saizi mbili: kubwa ya sentimita 90 kwa 60, unene 20, kwa shilingi 70,000, na ndogo ya 60 kwa 40, unene 15, kwa 40,000. Zote zinavishwa turubai la lori, ndani sponji ngumu ya kipande kimoja, nyuma mikanda miwili ya begi ya kushikia.

Mteja akifika pale jicho linakwenda kwenye kubwa. Kwa kusukumana uso kwa uso haina shida. Ila kama unafundisha zoni ya ndani, mbinu ya kumfungulia mbeba mpira njia katikati ya safu, dhidi ya safu ya ulinzi inayocheza stanti, yaani mabeki wa mbele wanaokata upande au kubadilishana njia mpira unapoanza, kubwa itakuharibia wachezaji.

Kwanza, inaficha mwili. Katika zoni mzuiaji, yaani mmoja wa watano wa safu ya mbele ya timu yenye mpira, hapewi mtu, anapewa mwanya wa upande mchezo unakokwenda. Wote watano wanapiga hatua upande mmoja, na kila mmoja anamchukua atakayeingia kwenye mwanya wake. Kinachomjulisha kwamba aliye mbele yake anakata ni goti na nyonga ya karibu, kwa sababu ndizo hutangulia kuhama. Kifua hudanganya. Ngao kubwa inamziba mshikaji, yule anayeigiza beki mazoezini, kama mlango, nyonga haionekani, na mzuiaji anazoea kusubiri ngao nzima ihame ndipo ashtuke. Muda huo beki wa kweli ameshapita.

Pili, uzito. Kubwa inakaribia kilo 5, na mshikaji akijaribu kukata upande nayo anachelewa. Mzuiaji anamkamata kirahisi, anajiona mjuzi, kumbe amezoea mwendo ambao hatauona kwenye mechi. Ndogo haifiki kilo 2. Mshikaji anakata kwa kasi yake mwenyewe, na makosa ya miguu yanajitokeza papo hapo.

Kosa la kwanza kuonekana ni hatua ndefu. Hatua ya kwanza ya zoni ya ndani ni fupi, inchi 6 hivi, sawa na sentimita 15, na mguu wa pili unatakiwa uwe umeshatua wakati mikono inagusa. Ukipiga hatua ya nusu mita uzito wote unalalia mguu mmoja. Beki akikata ndani yako huwezi kurudi, umeshajifunga.

Zoezi linaloipima ngao vizuri linahitaji ngao mbili na watu sita. Panga wazuiaji watatu: senta wa katikati anayeanzisha mpira, gadi wa kulia kando yake, na takeli wa kulia nje ya gadi, sentimita 60 kati ya mguu na mguu. Mshikaji wa kwanza asimame kwenye bega la nje la gadi, wa pili kwenye bega la nje la takeli. Lainibeki, mlinzi wa mstari wa pili, akae mita 4 nyuma ya washikaji, mikono mitupu. Kocha anasimama nyuma ya wazuiaji na kuwaonyesha walinzi vidole: kimoja baki, viwili kata ndani, vitatu kata nje, vinne badilishaneni.

Mchezo ni wa kulia. Senta na gadi wanaanza pamoja juu ya mshikaji wa kwanza, nyonga kwa nyonga, macho yakiwa kwa lainibeki. Mshikaji akikata ndani, senta anammeza na gadi anapanda kwa lainibeki, ambaye kwa kawaida anakuja kuziba nafasi iliyoachwa nje. Akikata nje, gadi anakwenda naye na kumsukumia hukohuko anakotaka, senta ndiye anayepanda. Wakibadilishana, wa nje akajitupa ndani na wa ndani akamzunguka, takeli anamgusa huyo wa nje kwa mkono ili kumpunguza kasi, kisha anamwachia gadi na kumsubiri anayezunguka. Asimfukuze. Beki akihama mwanya, karibu kila mara kuna mwenzake anayekuja kuujaza, na takeli aliyemfukuza aliyehama ndiye anayemfungulia huyo mwenzake njia ya kumfikia mkimbiaji wetu.

Mwanya kati ya nyonga za senta na gadi ukifunguka, hata kwa upana wa ngao moja, beki anapasua katikati. Hapa udogo wa ngao unasaidia tena: ya sentimita 40 inapenya pale ambapo mtu angepenya kweli. Ya 60 inakwama na kuficha kosa.

Sasa ushonaji, ambako karakana inapoteza alama. Mikanda imeshonwa kwenye ncha mbili tu, mstari mmoja wa uzi. Pigo la moja kwa moja linaivumilia. Stanti inaleta pigo la ubavuni, ngao inajipinda, na nguvu yote inaishia kwenye ncha moja ya mkanda. Turubai linachanika kwenye matundu ya sindano. Mwambie fundi auzungushe mkanda kuzunguka ngao nzima, na kila unapokutana na turubai ashone kisanduku chenye msalaba ndani, uzi wa nailoni. Mkanda wa pili uwe mpana wa kupitisha mkono mpaka karibu na kiwiko, la sivyo kifundo cha mkono ndicho kitakachopinda.

Zipu iwe ya plastiki, maana ya chuma haidumu na hewa ya bahari. Ikae upande wa chini, na ngao isiachwe mvuani kati ya Desemba na Aprili. Sponji iliyolowa inachukua siku nyingi kukauka na inanuka. Kataa kabisa ile ya bei ndogo inayojazwa mabaki ya sponji. Yanashuka chini baada ya muda, sehemu ya juu inabaki tupu, na huko juu ndiko mikono ya mzuiaji inakotakiwa kutua. Gunia la makumbi ya nazi lina ugonjwa huohuo, ila angalau ni rahisi.

Ngao hizi si kofia ngumu wala si za kugongana kichwa. Mwendo uwe wa robo tatu, vichwa juu.

Walioko Lindi wanaweza kutumiwa kwa basi. Fungeni mbili mbili, nyuso nje na mikanda ndani, kwa sababu mkanda unaoning'inia hunaswa na mizigo mingine kwenye buti na kung'oka kabla ngao haijafika Mingoyo.