Begi langu la kupambia maharusi lilivyorudi kutoka Sinza

Begi langu la kazi ni jeusi, la ukubwa wa begi la mtoto wa shule, na humo ndimo ilimo ofisi yangu. Brashi 26, faundesheni za rangi 11 (wateja wangu wanaanzia maji ya kunde mpaka weusi tii, siwezi kutoka na chupa mbili), poda, kope za kubandika na gundi yake, pasi ya nywele. Ukipiga hesabu ni zaidi ya milioni moja na laki mbili, na nusu ya vitu hivyo huvipati Kariakoo kwa siku moja hata uwe na hela mkononi. Mwaka jana nililisahau kwenye daladala ya Mbagala. Nilikwenda kituoni siku tatu mfululizo, nikaongea na makonda, nikaacha namba yangu kwa wauza maji. Halikuonekana. Nililia kama aliyefiwa, na nilikopa ili ninunue vingine.

Ndiyo maana nikaanza kutafuta hivi vidude vya Bluetooth vya kuweka kwenye mizigo. Nimetumia aina tatu kwa miezi minane. Bahati nzuri nina simu mbili: iPhone 11 ya mtumba ya kupigia picha za kazi, na Tecno ya kupigia na kupokelea malipo. Kwa hiyo nimeweza kuvijaribu pande zote mbili, na ninachoandika hapa nimekiona mwenyewe.

Cha kwanza nilikinunua mtaa wa Aggrey kwa 12,000. Muuzaji aliniambia, "Dada, hiki hata begi likiwa Mwanza unaliona." Nikamwamini. Kufika nyumbani nikakiunganisha na programu yake, kikalia, nikafurahi. Kesho yake nikamwachia mdogo wangu begi sebuleni, nikatoka nje mpaka kwa jirani wa pili. Simu ikaniambia mawasiliano yamekatika. Basi. Hicho ndicho kinachokijua: kupiga kelele kikiwa karibu, na kunyamaza ukienda mbali. Mawimbi ya Bluetooth ya kidude kidogo namna hii yanakwenda makumi machache ya mita, na kuta za matofali zinayapunguza zaidi. Kwa funguo zilizoangukia nyuma ya kochi kinafaa, sikatai. Kwa begi lililobaki kwenye daladala hakina msaada wowote, na anayekuuzia kwa maneno ya Mwanza anakuibia.

Hapo ndipo nilipokaa chini kuelewa vinavyofanya kazi, na naomba nawe uelewe kabla hujatoa hela yako. Vidude hivi havina GPS, yaani kile kipokezi cha setilaiti kinachojua mahali kilipo. Havina laini ya simu. Wengi wanavichanganya na vile vinavyofungwa kwenye bodaboda na magari, vyenye laini ndani na malipo ya kila mwezi. Hivi vya Bluetooth vinachofanya ni kutoa ishara ndogo muda wote, kama mtu anayeita jina lake kwa sauti ya chini sokoni. Simu ya mpita njia ikiisikia ile ishara, inachukua mahali ilipo yenyewe, inafunga taarifa hiyo kwa siri, inaituma kwenye intaneti, nawe unaiona kwenye ramani yako. Mwenye simu hajui kwamba amekusaidia, na hawezi kujua begi ni la nani. Kwa hiyo unaponunua kidude, unanunua macho ya watu wanaopita. Swali la kuuliza dukani ni moja tu: kinasikilizwa na simu zipi? Kile cha 12,000 kilikuwa kinasikilizwa na simu yangu peke yake.

Cha pili ni AirTag ya Apple. Ilitoka mwaka 2021, Marekani bei yake ilikuwa dola 29, mimi niliipata mjini kwa 95,000 baada ya kuvutana sana na muuzaji. Ni duara la sentimita 3.2, gramu 11, na inavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Haina tundu la kupitishia kamba, lazima ununue kifuko chake pembeni. Kwangu haikunisumbua, nimeishonea ndani ya bitana la begi. Inasikilizwa na iPhone za watu wote, na lazima wewe mwenyewe uwe na iPhone au iPad ya kuisajili.

Sasa nikueleze ya Jumamosi ile. Ninakaa Kigamboni. Nilivuka na kivuko cha alfajiri, nikapanda mwendokasi Kivukoni mpaka Morocco, hapo nikachukua bajaji kwenda Mikocheni kwa bibi harusi. Nilikuwa na begi, mfuko wa shela niliyoombwa niipitie kwa fundi, na taa ya kupambia yenye miguu mitatu. Nikashuka na shela na taa. Begi nilikuwa nimeliweka nyuma ya kiti. Nilikumbuka niko mlangoni, mama mkubwa wa bibi harusi ananikaribisha chai.

Nilifungua simu mikono inatetemeka. Ramani ikasema: Mwenge, dakika mbili zilizopita. Nikaangalia tena: bado Mwenge. Halafu ikahama, ikaanza kuingia Sinza. Mama mkubwa akaniambia, "Mwanangu, wewe nenda. Huku tutamwogesha taratibu." Nikapanda bodaboda, simu mkononi, namwelekeza kijana kona kwa kona. Alama kwenye ramani ikaganda Sinza, jirani na Afrika Sana. Tulipofika, ni mahali pa kuoshea magari, na bajaji zimepangana saba, zote zinafanana, madereva wengine wanakunywa supu pembeni. Hapo ndipo iPhone nyingi kuanzia 11 zinapokuwa na faida kubwa, maana ukikaribia zinakuonyesha mshale na umbali. Mita 14, kushoto. Mita 6. Nikabonyeza ilie, na kwenye bajaji ya tano tukasikia mlio mwembamba kama wa kifaranga.

Dereva alikuwa kijana mdogo, alishtuka kuliko mimi. "Anti, wallahi hata sikuliona." Namwamini, lilikuwa limeteleza chini kabisa. Nilirudi Mikocheni saa mbili na dakika ishirini, nikaanza kazi nikiwa nimechelewa dakika ishirini tu, na bibi harusi yule alitoka amependeza kama nilivyomwahidi. Siku ile 95,000 yangu ilirudi yote.

Lakini nisingekuwa mkweli nikikuacha hapo. Mikocheni, Mwenge na Sinza asubuhi ni njia ya watu wenye iPhone. Nikataka kujua pengine kukoje. Kwa hiyo nikanunua cha tatu, kidude kisicho na jina kubwa, 38,000, ambacho boksi lake linasema kinatumia mtandao wa Google wa kutafuta vitu, ule uliozinduliwa Aprili 2024 Marekani na Kanada kisha ukaenea, na tangu 2025 unaitwa Find Hub. Huu unatumia simu za Android kuanzia toleo la 9. Na hapa kwetu, angalia kwenye kivuko au kwenye foleni ya mwendokasi watu wameshika nini: Tecno, Infinix, Samsung, itel. Nikasema moyoni, hiki ndicho cha Dar.

Nikavitia vyote viwili kwenye pochi ya mdogo wangu, ambaye anatumia simu ya vitufe, akavuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni mimi nikiwa nimekaa upande wa mjini. AirTag ilionekana wakiwa katikati ya maji. Kile cha Android kilibaki kinaonyesha Magogoni, kikaja kuhama ameshashuka ng'ambo. Nilishangaa, maana kwenye kile kivuko simu za Android ni nyingi kuliko nywele.

Sababu nilikuja kuijua baadaye na ndiyo jambo ambalo natamani kila mtu mwenye Android asome. Google imeweka simu zetu, kama hatujagusa chochote, zitume taarifa kwenye maeneo yenye watu wengi tu, na inasubiri simu kadhaa zikisikie kidude kilekile ndipo ikuonyeshe mahali. Wamefanya hivyo kulinda faragha, ili mtu asifuatiliwe nyumbani kwake, na nawaelewa. Ila unaweza kuingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Google, kwenye Find Hub, ukachagua simu yako isaidie maeneo yote. Ongeza na desturi yetu ya kuzima Bluetooth, kuzima eneo na kuzima data ili bando lisiishe. Simu iliyozima Bluetooth haisikii chochote. Mimi nimewabadilishia mipangilio wasichana wangu wawili wa kazi, shoga zangu wa kikoba, na yule fundi wa shela. Hakuna gharama yoyote utakayoihisi.

Jaribio la mwisho lilikuwa Kimbiji kwa mama, huko mwisho wa Kigamboni. Nilimtuma mdogo wangu ampelekee pochi yenye vyote viwili. AirTag ilinionyesha Kibada kwa saa nyingi, yaani mahali pa mwisho ilipopishana na mwenye iPhone. Cha Android nacho kilikaa kimya mchana kutwa, ila jioni mama alipokwenda dukani, pale vijana wanapokaa kuangalia mpira kwenye simu, kikatokea Kimbiji. Kwa hiyo nikipamba Masaki, Mikocheni au Posta, AirTag ndiyo ninayoitegemea. Nikienda Chamazi au Kimbiji, naongeza hicho kingine. Siku hizi begi langu lina vyote viwili. Wenye Samsung wana SmartTag2 ya mwaka 2023, binamu yangu anayo na anaisifu, lakini inataka simu ya Samsung Galaxy na inasikilizwa na za aina hiyo, kwa hiyo sikuweza kuijaribu.

Naomba nizungumze na wanawake wenzangu kidogo. Kidude kinachoweza kupata begi kinaweza pia kutiwa kwenye begi lako na mtu asiyekutakia mema, hata awe anakuita mpenzi. Tangu Mei 2024 Apple na Google wameshirikiana: iPhone yenye iOS 17.5 na kuendelea, na Android kuanzia toleo la 6, zinaweza kukuonya kwamba kuna kidude cha mtu mwingine kinatembea nawe, na unaweza kukiamuru kilie ukipate. AirTag iliyo mbali na mwenyewe hulia yenyewe ikitikiswa, baada ya muda wa kati ya saa 8 na 24. Ukipata onyo hilo usilifute ukidhani ni tangazo. Tafuta kwenye mifuko ya ndani, kwenye bitana, chini ya kiti cha gari. Ukikiona, piga picha kidude chenyewe na namba yake; kwenye AirTag namba imeandikwa ndani, chini ya betri.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba mwizi naye anaonywa. Kama begi limeibwa na ramani inakupeleka kwenye nyumba ya mtu usiyemjua, usiende kugonga hodi peke yako. Nenda kituo cha polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako ya polisi), waonyeshe ramani. Vidude hivi vinatengenezwa kwa ajili ya vitu vilivyosahaulika, na kwa kazi hiyo ndivyo ninavyovisifu.

Betri. AirTag na vingi vya aina hii vinatumia CR2032, ile bapa ya mviringo, na inakaa mwaka au zaidi. Mafundi saa wanazo. Usinunue za jero, nilinunua moja ikafa ndani ya wiki tatu. Na zile zenye mipako michungu ya kuzuia watoto wasizimeze, baadhi yake hazifanyi kazi kwenye AirTag kwa sababu mipako inazuia mgusano. Hii ya watoto msiichukulie kirahisi. Kile kidude changu cha Aggrey kifuniko chake kilikuwa kinafunguka kwa ukucha, na nilimkuta mpwa wangu wa miaka miwili na betri kiganjani, anaipeleka mdomoni. Betri hiyo ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili. Ni hospitali moja kwa moja, usisubiri aikunye. Nilikitupa kidude kile siku hiyohiyo, na kama nyumbani una mtoto, kijaribu kifuniko dukani kabla hujalipa.

Kitu kingine kidogo: AirTag ukiiweka kwenye hali ya kupotea unaandika namba yako, na aliyeiokota akiigusisha na simu yenye NFC (uwezo wa kusoma kitu kwa kukigusisha), hata ya Android, anaiona. Simu nyingi za bei nafuu hazina NFC. Kwa hiyo nimeandika namba yangu pia kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa begi, na chini yake tarehe niliyobadilisha betri.