Corolla ya 1998 na Kopo la Dawa ya Kusugulia Rangi: Nimejaribu Hapa Tanga

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni. Leo nipo nyumbani, Chumbageni, na gari mnaloliona ni Corolla 110 ya mwaka 1998, bluu iliyokoza. Wiki iliyopita boneti hii ilikuwa imepauka kama imemwagiwa majivu. Sogeeni mtazame: mwembe wa jirani umejichora wote humu.

Kazi hiyo imefanywa na dawa ya kusugulia rangi, kopo hili, nimenunua duka la vipuri kwa shilingi 18,000. Kwa boneti na milango, nasema wazi, hela yangu imerudi. Kwa paa, hapana. Nitaeleza.

Kabla ya kufungua kopo, osha gari kwa shampuu yake, si sabuni ya unga. Likikauka, pitisha kiganja. Ukisikia chengachenga, huo ni uchafu ulioganda, na ukisugua juu yake unalichora gari lako mwenyewe. Mimi nilipitisha ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku nimelowesha vizuri. Madoa ya lami yalitoka kwa mafuta ya taa, nikaosha tena.

Halafu chukua kitambaa cheupe, sugua kidogo. Kikitoka na rangi ya gari, ujue hapo hakuna klia juu, yaani lile tabaka angavu linaloikinga rangi: ama rangi ni ya tabaka moja, ama klia imekwisha. Milangoni changu kilibaki cheupe. Paani kikatoka bluu! Jua la miaka yote hiyo limeila klia, na mabaka bado mnayaona. Klia ikishabanduka hakuna kopo litakaloirudisha. Hapo ni msasa, praima, rangi na klia mpya, kazi ya fundi rangi. Muuzaji akikuahidi vinginevyo, shika hela yako.

Nilianza kwa mkono, saa nzima nimemaliza eneo la sinia. Nikaazima mashine ya kusugulia. Jamani, ni mbingu na ardhi! Ila usiitulize mahali pamoja, hasa kwenye kingo. Inapasha joto, na klia ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Mkiona kinyesi cha kunguru, kifuteni siku hiyo hiyo kwa maji, maana kinaila klia. Ukimaliza kusugua, paka nta, la sivyo rangi imebaki uchi.

Taa za mbele ndizo zilizonifurahisha zaidi. Zilikuwa njano kama chai ya maziwa. Niliziba rangi ya pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikapiga msasa wa maji namba 800, 1000, 2000, mwisho 3000, kisha dawa hii hii. Zimekuwa kioo. Lakini msasa unaondoa kinga ya kiwandani, kwa hiyo lazima upulizie klia ya kuzuia jua, na uvae barakoa. Ukiacha hivi hivi, njano inarudi.

Sasa, kwetu sisi wa pwani, hasa mnaoegesha Raskazone: chumvi haikai juu ya boneti tu. Inaingia kwenye matao ya tairi na chini ya milango, na polishi haifiki huko. Elekeza mpira wa maji chini ya gari, zibua vile vitundu vya kutolea maji milangoni. Mimi changu kimoja kilikuwa kimeziba kwa mchanga, nilipokizibua yakatoka maji ya kutu. Mlango huo nimepanga kuufungua kesho asubuhi, kamera ikiwa imewashwa.