Himalayan 411 baada ya kilomita elfu 23, uzoefu wangu kuanzia kiti mpaka msafara wa Kitonga

Hii pikipiki, Himalayan ya Royal Enfield, niliichukua mkononi hapa Dar ikiwa inasoma kilomita 6,200, leo inasoma 29,400, kwahiyo kilomita elfu 23 na ushee nimezikalia mwenyewe, jua, mvua, lami, vumbi, peke yangu na kwenye msafara, ndo maana nimeona niandike sasa hivi na sio ile wiki ya kwanza ambayo kila kitu kinang'aa na mtu unasifia tu.

Kwanza mimi ni nani, ili ujue kama haya yanakuhusu. Ni mwanamke, urefu sentimita 160, na kabla ya hapo nilikua na Boxer 150 ya kazini, Mbezi mpaka Posta na kurudi kila siku. Safari ndefu nilizitamani miaka mingi ila kila piki kubwa niliyojaribu kukaa nilikua naning'inia, vidole tu ndo vinagusa chini, na piki ya kilo 230 ukiwa unagusa kwa vidole halafu umesimama kwenye foleni yenye mteremko, moyo unadunda. Himalayan 411 kiti chake kiko milimita 800 kutoka chini. Siku nimeikalia mara ya kwanza miguu yote miwili ikakanyaga, sio nyayo nzima ila inatosha kuituliza, nikajua hii ndo yenyewe.

Injini ni pistoni moja, cc 411, nguvu ya farasi 24 na kidogo, gia 5, uzito kama kilo 190 kabla hujafunga mzigo. Farasi 24 kwa uzito huo ni chache na nasema wazi, anayetoka kwenye piki za mbio ataona inachelewa. Lakini nguvu yake inatokea chini, huhitaji kuizungusha sana ndo ivute, kwenye mlima unaiacha gia ya tatu inapanda yenyewe taratibu. Kwenye lami inapojisikia raha ni kilomita 90 mpaka 95 kwa saa, ukipeleka 110 inaenda, sema mitetemo inaanza kuingia mikononi na mafuta yanashuka. Kwa barabara zetu ambazo kila baada ya muda kuna kijiji, kibao cha 50, matuta, na trafiki na tochi yake chini ya mti, sijawahi kuona nahitaji zaidi ya hapo. Tenki ni lita 15 na mimi napata kilomita 30 kwa lita, nikijaza Kimara naongezea kidogo tu Mikumi na nalala Iringa, ambako ni kilomita kama 500.

Sasa kuhusu kufunga vitu, hapa ndo hela nyingi zinapotea na mimi yangu ilipotea mapema. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikua ekzosi ya mlio mnene. Mjini tamu kweli, watu wanageuka, lakini ukishapita Chalinze ule mlio umeshakaa kichwani, ukifika Morogoro kichwa kinauma na umechoka kama umelima. Niliiuza mwezi wa pili nikarudisha ya kwake. Ile hela ningeanza nayo kwenye kiti.

Maana kiti ndo kila kitu. Kile ilichokuja nacho kilishachoka, sponji imekufa, kilomita 120 tu nilikua naanza kunyanyuka nyanyuka. Nikaenda kwa fundi wa viti Gerezani, mzee mmoja mtaratibu sana, sikutegemea angefanya vile alivyofanya. Hakukimbilia kukata. Aliniambia nikae juu ya piki kama naendesha, nikae dakika tano nzima, halafu nikashuka, akapitisha kiganja pale sponji ilipobonyea akachora na chaki ile mifupa miwili inapokaa. Akakata pale pale tu, akaweka sponji ngumu ile nzito chini na laini juu, kwa mbele akapunguza upana ili miguu yangu ishuke vizuri, kwa nyuma akapanua. Akanikalisha tena. Akafumua, akapunguza kidole kimoja upande wa kushoto. Mara ya tatu ndo akashona. Niliacha 130,000 na chai. Safari iliyofuata nimetoka Dar sijashuka mpaka Mikumi, karibu kilomita 300, na nimeshuka natembea kama mtu. Hakuna kitu nilichofunga kwenye hii piki kinachokaribia hapo.

Kioo cha mbele sikugusa, kwa urefu wangu upepo unapita juu, mrefu wa futi sita atahitaji kirefu zaidi. Helmeti nunua kabla ya vyote, angalia ile stika ya ECE, alama kwamba imepimwa usalama, na hakikisha inabana mashavu, hapo sina mjadala.

Tairi. Hii wengi hawaijui mpaka yawakute. Mbele ni rimu ya inchi 21, nyuma ya 17, zote zina spoku na tyubu ndani, na tairi ya 21 sio ya kupata kwenye duka la spea za bodaboda, kijijini ndo kabisa. Mimi nabeba tyubu moja tu ya ziada, ile ya 21, kwasababu pancha ya nyuma ikikataa kiraka tyubu ya 21 unaweza kuikunja ukaingiza nyuma ikakufikisha mjini, ila ya 17 huwezi kuivuta ikae mbele. Upepo naweka psi 25 mbele na 32 nyuma nikiwa peke yangu. Na cheni safisha kwa mafuta ya taa, usisafishe kwa petroli, zile cheni zina vipete vya mpira ndani na petroli inavikausha, baada ya hapo cheni haina maisha.

Kitu kingine ni simu. Nilikua naibana kwenye hendo kwa ajili ya ramani, bila mpira wowote wa kuzuia mitetemo, miezi minne tu kamera ikaanza kucheza cheza, kila picha ukungu. Baadae ndo nikajua kwamba Apple walishatoa tahadhari mwaka 2021 kuhusu hilo hilo, mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuua kile kifaa kidogo kinachotuliza lenzi. Injini ya pistoni moja inatetema, ndo ilivyo, kwahiyo simu weka mfukoni au tafuta kishikio chenye mpira.

Msafara sasa. Mara ya kwanza nilitoka na kundi moja la piki kubwa, wengi cc 1000 kwenda juu, wakaniambia utatukuta mbele. Nikawa nakimbiza 115 kutoka Kibaha mpaka Morogoro, lori kushoto basi kulia, macho yanachungulia wenzangu wako wapi badala ya kuangalia barabara. Nilifika mikono inatetemeka. Sikuenda nao tena.

Kundi nililonalo sasa tuko tisa, na piki zimechanganyika, kuna BMW mbili, Africa Twin, Dominar, na kijana mmoja ana Boxer tu na anafika kila sehemu tunayofika. Tofauti ni utaratibu. Mwenye piki ndogo kuliko wote anakaa wa pili, mgongoni kwa kiongozi, na kiongozi anamuangalia yeye kwenye saiti mira, mwendo wake ndo mwendo wa msafara. Wa mwisho kabisa ni fundi, ana pampu, viraka na sanduku la dawa, na hakuna mtu anabaki nyuma yake. Kwenye nyoofu tunakaa zigizaga, mmoja kushoto mmoja kulia, kwenye kona tunakua mstari mmoja. Na kwenye njia panda hukati mpaka umemuona wa nyuma yako na yeye amekuona. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri ili malori ya Chalinze tuyapite kukiwa na ubaridi. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ile kilomita 50, hakuna kuovateki kabisa, twiga hapigi honi akitaka kuvuka, na lile bango la faini za kugonga wanyama limekaa pale linasomeka vizuri.

Baada ya Mikumi inakuja bonde la mibuyu, mto Ruaha pembeni yako, joto linakupiga usoni, halafu Ruaha Mbuyuni vitunguu vimening'inizwa barabarani kila upande, na hapo ndo unaanza kuuona mlima Kitonga juu. Safari ya mwaka jana mwenzetu mmoja mgeni, kijana mzuri tu, alichoka kukaa nyuma ya semi trela linalopanda mwendo wa mtu anayetembea, akachomoka kwenye kona ambayo haoni mbele. Basi likatokea. Mimi nilikua nyuma yake piki mbili, nilichoona ni taa yake ya breki na ule ukuta wa basi, kati ya basi na trela akabakiwa na upana wa hendo zake tu. Akapita. Harufu ya breki za moto za malori yanayoshuka ilikua imejaa pale, na mpaka leo nikiinusa popote naikumbuka ile kona.

Tulisimama Ilula, pale kwenye matenga ya nyanya. Kila mtu alidhani kiongozi wetu atawaka, ni baba wa makamo na huwa hana utani na barabara. Alivua helmeti, akaiweka juu ya tenki, akamsogelea akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nyumbani wanajua leo uko wapi?" Yule kijana hakujibu. Akaambiwa kuanzia hapo atakaa wa pili. Amekaa wa pili mpaka Iringa, na mpaka leo yuko na sisi.

Kutoka Iringa siku ya pili tulienda Tungamalenga, barabara ya kuelekea hifadhi ya Ruaha, pikipiki haziruhusiwi kuingia mbugani kwahiyo tuliishia kijijini. Vumbi lenye mawimbi kama bati, kilomita na kilomita. Shokapu ya nyuma nilikua nimeikaza kwa ajili ya mzigo na piki ilitulia vizuri, nilisimama kwenye vikanyagio njia nzima, ila kwenye mchanga mmoja mwepesi nilifunga mafuta ghafla na tairi ya mbele ikazama, nikalala nayo taratibu. Mzee mmoja alikua anapita na baiskeli akaiacha chini akaja mbio, "Pole mwanangu, umeumia?" Shikamoo nilimpa nikiwa bado nimekaa mchangani. Namna ya kuinyanyua nilishafundishwa, unageuza hendo mpaka mwisho, unaipa piki mgongo, makalio yanaegemea kiti, mkono mmoja kwenye hendo mwingine kwenye keria, halafu unasukuma kinyumenyume kwa mapaja sio kwa kiuno. Kilo 190 na mzigo ikanyanyuka, mzee kazi yake ilikua kushika isilalie upande wa pili.

Kilichovunjika ni keria tu. Nilichomelea kwa fundi mmoja mjini, bomba jembamba, hakuweka bushi za mpira popote, nikakuta imepasuka kwenye maungio mawili na begi la kulia linagusa ekzosi. Nililifunga kwa ile mipira ya bodaboda inayokatwa kwenye tyubu ikanifikisha Dar. Mpya nimechomelea bomba nene na bushi kila bolti, kilomita elfu 7 sasa haijalia.

Kama una urefu kama wangu, unataka kufika na sio kuwahi, na hela yako sio ya BMW, hii piki ichukue, ningeinunua tena hata kesho. Kama unasafiri na abiria mzito kila mara tafuta yenye farasi zaidi, Kitonga itakusumbua.

Tairi ya mbele imeisha, nimeshaagiza nyingine mapema, mwezi wa saba tunaenda Njombe. Atakayekuja abebe magazeti mawili, upepo wa Makambako mwezi huo unapenya jaketi lolote, gazeti moja unalitandaza kifuani chini ya jaketi na lingine unalihifadhi kavu kwa ajili ya kurudi.