Samadi ya Kununua Mbeya: Kabla ya Bei, Ulizia Maranda

Tangu mvua zianze, swali ninaloletewa ni lile lile: "Dada, tuta la mchicha nimelijaza samadi, mbona majani ni ya njano kuliko ya jirani ambaye hakuweka kitu?"

Ni maranda hayo. Umri wa samadi na rangi yake kila muuzaji ana jibu lake tayari. Maranda hakuna anayeyaulizia, na huku kwetu hayaishi, maana misonobari ya Sao Hill inapasuliwa Mafinga mwaka mzima, na wafuga broila wanayatandika bandani. Kuku wakishauzwa sakafu inakwanguliwa, kisha unauziwa mbao zilizopakwa kinyesi zikiitwa samadi. Maranda yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kiduchu. Vijidudu vinavyoyaozesha vinataka naitrojeni, na vikiikosa humo vinaichota kwenye udongo, mchicha unabaki na njaa.

Chukua konzi moja ya samadi, tumbukiza kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri. Kama kinachoelea ni vipande vya mbao bado vigumu, rudisha kiroba. Muuzaji akikukatalia kupima, mwache nacho.

Namba moja kwangu ni samadi ya ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, iliyolazwa miezi mitatu au zaidi. Ng'ombe wale wanakatiwa mabingobingo, na kinachochanganyika na kinyesi ni mabaki ya malisho, yanaoza upesi.

Ichanganye na mbolea ya Minjingu. Mimi ni mtu wa Minjingu, sifichi. Ni fosfati ya Manyara, iliyotokana na mabaki ya ndege wa kale wa ziwani, na ina kalsiamu pia. Udongo wetu wa majivu ya volkano unaing'ang'ania fosforasi, mmea unaambulia kidogo, kwa hiyo samadi peke yake haitoshi. Tena tindikali ya udongo, ambayo wengi wanailalamikia, ndiyo inayoiyeyusha Minjingu taratibu. Ila usiimwage siku moja na chokaa, utakuwa umeondoa tindikali ile ile unayoitegemea.

Namba mbili, samadi ya mbuzi. Vile vigololi viponde kwanza.

Namba tatu ni ya kuku wa mayai wanaofugwa kwenye keji, maana humo hakuna maranda. Ni kali, ilaze mpaka iache kukuchoma pua, la sivyo inaunguza miche.

Ya broila naiweka mwisho. Kama umeshainunua, ilundike na majani mabichi na samadi ya ng'ombe, imwagie maji, uwe unaigeuza, uitumie msimu ujao. Majivu na pumba za mpunga, weka kidogo ukiwa nazo.

Sasa tuje kwenye viroba. Kwenye vitalu vya barabarani mdomo wa kiroba unakunjiwa ndani, samadi inaishia katikati, na bei ni ya kiroba kilichojaa. Ukiuliza unaambiwa "imechekechwa hiyo, mama". Imechekechwa, halafu ina mawe! Mvua zikianza bei inapanda, wakati ng'ombe anakunya kiangazi na masika.

Agiza Agosti, moja kwa moja kwa mfugaji, kirikuu kizima mgawane na majirani. Na pimeni kwa viroba vyenu.