Chakula cha Barabarani: Namawojolo Imeizidi Kampala

Katika barabara ya Kampala kwenda Jinja, mahali ninapopendekeza msafiri ale ni Namawojolo, wilayani Mukono nchini Uganda, ambako gari likisimama tu wachuuzi hulizingira, wakiinua mishikaki, kuku wa kuchoma, gonja (aina ya ndizi ya kuchoma) na maji ya chupa hadi madirishani. Nyama hutoka kwenye makaa ikiwa ya moto na imekolea chumvi, na gonja huchomwa ikiwa imeiva hasa. Kuku ndiye wa kukaguliwa kabla ya kulipa, kwani mapaja manene wakati mwingine hubaki na wekundu karibu na mfupa.

Ninachokisifu zaidi ni utaratibu. Wachuuzi huvaa makoti yenye namba, hivyo abiria aliyepunjwa chenji au aliyeuziwa nyama iliyolala anaweza kumtaja aliyemuuzia, na mchuuzi mwenyewe, akijua kwamba kesho atakuwa papo hapo, ana sababu ya kulinda jina lake. Kasoro kubwa ni hatari ya kukimbilia magari kando ya barabara kuu.

Kwa ladha, Kampala ina rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) nzuri kuliko chakula chochote cha Namawojolo, hasa katika mtaa wa Wandegeya, ambako mayai hupigwa pamoja na nyanya, kabichi na kitunguu mbele ya mlaji, kisha chapati ikaviringishwa ingali laini. Katikati ya jiji hali ni nyingine. Mnamo Januari 2022 mamlaka ya jiji, KCCA, iliwaondoa wachuuzi barabarani, na sipingi kwamba waendao kwa miguu walikuwa wamekosa njia. Hata hivyo, anayeuza huku akimchungulia askari hawezi kubeba ndoo ya maji ya kunawa wala kabati la kioo la kufunikia chapati, kwa sababu vyote hivyo humchelewesha kukimbia. Uchafu tunaomlaumu nao unatokana, kwa sehemu kubwa, na kanuni isiyompa mahali pa kusimama.

Miji ya Marekani nayo imegawanyika kuhusu wachuuzi wa chakula. Chicago iliruhusu kupika ndani ya magari ya chakula mwaka 2012, lakini ikayataka yakae umbali wa futi 200, yaani takriban mita 60, kutoka kwenye mkahawa, na yasizidi saa mbili mahali pamoja. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Illinois, jimbo lenye Chicago, iliunga mkono masharti ya jiji. Kanuni hiyo ya umbali humlinda mwenye mkahawa, si tumbo la mlaji. California ilichagua njia ninayoiona kuwa ya haki zaidi: sheria yake ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Januari 2019, inazuia miji kuwafungulia wachuuzi wa kando ya njia mashtaka ya jinai, na inataka masharti yatokane na afya, usalama au ustawi wa watu, wala si hofu ya ushindani.

Jinja, Mbale, Gulu, Mbarara na wenzao waliopewa hadhi ya jiji Julai 2020 wana mabaraza yenye uwezo wa kutunga kanuni ndogo. Yaanze na koti lenye namba, eneo lililopimwa mbali na magari, saa za kuuza zinazojulikana, na bomba la maji karibu na kila safu ya majiko.