Boila ya kuni badala ya dizeli: uzoefu wangu katika hoteli ya vyumba 20 nje ya Kabale, Uganda

Boila naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kibao chake: kimeandikwa kilowati 50, lakini huku juu, karibu mita 1,900, tunapata kama 40. Hewa ya Kabale ni nyepesi, kwa hiyo feni iliyopangwa kiwandani inavuta oksijeni pungufu. Ukijaribu kufidia kwa kushindilia kuni utaambulia moshi mweusi na masizi. Ongeza mwendo wa feni, fungua zaidi tundu la hewa ya pili (ile inayounguza moshi juu ya kuni), kisha ukubali kilichobaki. Anayenunua kwa ajili ya Kabale au Kisoro achukue boila inayozidi mahitaji yake kwa robo.

Hesabu ya maji ni hii. Wageni 40 kwa lita 50 kila mmoja, jiko na dobi lita 500, jumla lita 2,500 kwa siku. Kuyatoa nyuzi 18 hadi 60 kunataka kilowati-saa 122 hivi. Kilo ya kuni kavu ina kilowati-saa 4, boila inanasa robo tatu, kwa hiyo zingetosha kilo 41. Mizani yetu inasema 58. Zinazozidi hupotelea kwenye mabomba yanayoteremka hadi nyumba ndogo za wageni, na kwenye rejeta tatu (vipasha-joto vya ukutani vinavyopitisha maji moto) za ukumbi wa chakula. Vyumbani sikuweka rejeta. Usiku wa nyuzi 10 ni wa blanketi mbili.

Kinachoamua kila kitu ni ukavu wa kuni. Mkaratusi uliokatwa leo, nusu ya uzito wake ni maji, na kilo moja inakupa nusu tu ya joto la kuni kavu. Maana yake kilo 58 zinakuwa zaidi ya 110, na lami inajaa kwenye bomba la moshi. Tunapasua vipande vya unene wa sentimita 10, tunavipanga chini ya bati, pande zote wazi kwa upepo, miezi sita. Banda la mita 5 kwa 3, rundo likifika mita 2, linabeba tani 11 hivi, yaani akiba ya miezi sita. Kuni za kuchomwa Novemba ziwe zimepasuliwa Mei. Muuzaji atakuapia kwamba zake ni kavu. Usibishane naye, pasua kipande katikati, pima gramu 1,000, kikaushe kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena. Kikibaki gramu 800, unyevu ni asilimia 20, pokea mzigo. Kipimo kidogo cha unyevu chenye sindano mbili nacho kinafaa, ila vingi hulinganisha maji na kuni kavu, si na uzito wote: kikisema 25, kwa hesabu ya oveni ni 20.

Briketi za maganda ya kahawa zinawaka vizuri, lakini zina potasiamu nyingi. Majivu yake huyeyuka na kuganda kama kioo juu ya wavu, hewa haipiti. Nachanganya theluthi moja, sizidishi. Za pumba za mpunga nimeziacha: kama sehemu moja kwa tano inabaki majivu.

Kosa la ufungaji lililotugharimu ni maji ya kurudi, yaani yanayorejea kwenye boila baada ya kutoa joto lake. Yakiingia kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55, mvuke wa moshi unageuka maji yenye tindikali kwenye kuta za chuma, nayo inakula chuma kimyakimya. Fundi aliruka valvu ya kuchanganyia, inayoongeza maji moto kwenye yale ya kurudi, eti ni mapambo. Tulipofungua kusafisha, kuta zilikuwa zinalia lami. Valvu ya nyuzi 60 imewekwa, tatizo limekwisha.

La pili ni umeme. Ukikatika pampu inasimama, lakini kuni haziambiwi zizime. Katika mfumo wa wazi, usiofungiwa shinikizo, hapa maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Betri ya ampea-saa (Ah) 100 yenye inveta inaendesha pampu ya wati 60 usiku kucha, na tangi la akiba la lita 2,000 limewekwa juu kuliko boila ili maji yazunguke yenyewe hata betri ikifa. Valvu ya usalama ijaribiwe kila mwezi.

Tangini maji yabaki nyuzi 60 ili bakteria wasizaliane, halafu yachanganywe yateremke 45 kabla ya bafu. Bila hivyo mgeni ataungua.

Kila wiki brashi kwenye mirija ya moshi, kila mwaka kamba mpya ya kuziba mlango. Majivu huchotwa baada ya siku mbili na hulala kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, nje, kwa sababu kaa moja huishi zaidi ya siku. Usiyamwage kwenye viazi, yanapunguza tindikali ya udongo na kuleta upele wa viazi. Yetu yanakwenda kwenye migomba.